Imba Kwanza, Kisha Vuta

Hotuba ya kufungulia darasa la kodiani kwa wanaoanza, Unguja

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na nyie wanangu mliokaa mbele, karibuni nyote.

Ratiba inasema nizungumzie nafasi ya kodiani katika taarab ya Zanzibar. Nitaizungumza, lakini kwa kuzunguka kidogo, maana naona macho ya watoto hayako kwangu. Yako kwenye yale masanduku pale ukutani, na wana haki. Kwa hiyo jioni hii nitaeleza jambo moja: vipi mtu ambaye hajawahi kushika kodiani anaweza kupiga wimbo mmoja mwepesi mpaka waliomzunguka wakaanza kuuimba bila ya kuombwa. Wimbo niliouchagua ni Ukuti.

Nimesikia kicheko huko nyuma. Ukuti, ule wa watoto kushikana mikono na kuzunguka uwanjani? Ndiyo, huo huo. Kila darasa jipya linapoanza hakosekani kijana anayekuja na simu yake, ana wimbo mrefu wa taarab anaoupenda, anataka tuanze na huo. Mimi humwambia, haya, nipigie Ukuti kwanza. Ataanza kuutafuta kwa kidole kimoja, ataupata, vibao vyote vitakuwa sawa, na hapatakuwa na mtu hata mmoja anayetamani kuufuata. Sauti zote zimo, wimbo haumo. Kilichopungua pale ndicho ninachotaka tukae nacho.

Kwanza chombo chenyewe. Kodiani haina nyuzi wala ngozi. Ndani yake mna ndimi za chuma, vipande vyembamba vilivyokazwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Upepo ukipita, ulimi unatetemeka, na huko kutetemeka ndiko sauti. Fikra hii si ya Ulaya peke yake. Wachina walikuwa na sheng, ala ya mianzi yenye ndimi za namna hiyo, karne nyingi kabla. Mwaka 1829, mjini Vienna, fundi mmoja aitwaye Cyrill Demian aliandikisha hataza ya kisanduku kidogo chenye mivukuto, ile mikunjo ya kuvuta na kusukuma hewa, na vitufe, na tangu hapo hakikusimama. Wajerumani wakakitengeneza, Wataliani nao, na mji wa Castelfidardo huko Italia hadi leo unajulikana kwa kazi hiyo. Chombo kinachobebeka kifuani hakihitaji kusubiri ukumbi. Kilipofika Kenya, Wakikuyu walikitia katika ngoma yao ya mwomboko, wakacheza wawili wawili huku mwengine akigonga karing'aring'a, ule mduara wa chuma. Waluo wakakifanya chao, wakakiita onanda.

Hapa kwetu kiliingia katika taarab, tena si mapema. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianza 1905. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi santuri 1928. Kodiani ilikuja baadaye, pale masikio ya watu yalipovutwa na okestra kubwa za Cairo kupitia redio na filamu, na vikundi vyetu navyo vikatanuka: fidla zikaongezeka, ganuni ya nyuzi nyingi, nai ya kupuliza, dabo besi ya sauti nene, na kodiani ikapata kiti chake. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, leo ukiiona jukwaani bila ya kodiani utauliza mpigaji anaumwa nini. Na kile chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa 2002, kimewafanya vijana wajifunze darasani mambo ambayo wazee wao waliyapata kwa kukaa nyuma ya mpigaji na kumtazama vidole.

Sasa pana jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema, halafu wanakuja kulalamika kwamba chombo chao kibovu. Fidla inateleza kutoka sauti moja kwenda nyengine. Udi hauna vizuizi shingoni. Nai inapindwa kwa mdomo. Kodiani haiwezi kufanya hayo, kila ulimi umeshapangiwa sauti yake na fundi. Na maqamu, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, yana sauti inayokaa katikati, haiko kwenye kibao hiki wala kile kinachofuata. Huko Misri mafundi walichukua tupa wakazikwangua ndimi ili chombo kitoe robo sauti. Ukikwangua karibu na ncha, ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ukikwangua karibu na shina, sauti inashuka. Mwenye kodiani ya kawaida, ambayo haikupitiwa na tupa, anajifunza kuikwepa ile sauti na kuwaachia wenye fidla. Hiyo ni adabu ya kazi, na inataka sikio lililokomaa. Ndiyo maana sikuanzishi huko, mwanangu. Ukuti ukiuanzia pahala panapofaa, vibao vyeupe peke yake vinatosha.

Haya, umekabidhiwa chombo. Kaa kwenye ncha ya kiti, usijilaze. Mikanda yote miwili mabegani, iwe imekazwa kiasi kwamba ukiachia mikono kodiani haianguki wala haiyumbi. Mivukuto ikae juu ya paja la kushoto. Kodiani kamili ina vibao 41 na vitufe vya besi 120, na inaweza kufika kilo 10 na zaidi. Hiyo si ya mtoto, hata akilia. Zetu za kufundishia ni ndogo, za besi 48.

Kabla ya kubonyeza kibao chochote, tafuta kitufe cha hewa, kile kinachokaa peke yake karibu na kidole gumba cha kushoto. Kibonyeze, vuta, sukuma. Haitoki sauti, unasikia pumzi tu. Watoto huliona zoezi hili la kipuuzi. Mimi naliona ndilo somo lenyewe, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaopiga kodiani. Mkono wa kulia unachagua, wa kushoto unapiga. Kwenye piano ukigonga kwa nguvu sauti inakuwa kubwa. Kwenye kodiani hata ukigonga kibao kwa nyundo sauti ni ile ile. Ukubwa na udogo, ukali na upole, vyote vinatoka kwenye mivukuto. Ivute ifunguke kama upepeo, juu kupanuka na chini kubaki karibu, na usiivute wala kuisukuma kwa nguvu ilhali hujabonyeza kitu. Hewa haina pa kupita, utaichana.

Halafu mkono wa kulia, na hapa jiandae kuchanganyikiwa kidogo. Chombo umekivaa kimesimama, vibao vinatazama mbele, wewe huvioni. Sauti nene ziko karibu na kidevu chako, nyembamba ziko chini. Kwa hivyo sauti ikipanda, mkono unashuka. Waliopita kwenye kinanda cha kanisani au cha skuli wanateswa na jambo hili zaidi kuliko wasiojua kitu. Usiinamishe kichwa kuchungulia. Papasa vibao vyeusi: viko viwili viwili na vitatu vitatu. Kibao cheupe kilicho juu tu ya vile viwili, upande wa kidevu, hicho ni Do. Weka kidole gumba hapo, vyengine vinne vishuke kila kimoja na kibao chake, umeshapata Do, Re, Mi, Fa, So bila ya kuangalia. Kuna wanaobandika stika za herufi juu ya vibao. Stika hizo zinamsaidia aliyekaa mbele yako, si wewe.

Baada ya hapo, iache kodiani. Nasema kweli, funga mkanda wa mivukuto, iweke chini, simama, uimbe. Imba Ukuti kama ulivyouimba ulipokuwa mdogo, na ikiwezekana uimbe na watu. Wote mnajua unavyokwenda. Mmoja anaanza, "Ukuti, ukuti," na wenzake wanajibu, "wa mnazi, wa mnazi." Anaendelea, "ukipata upepo," nao wanamalizia kwa ule mtetemeko wa mwisho ambapo kila mtoto anajitikisa mabega. Sikiliza wapi watu wanavuta pumzi. Hakuna aliyewafundisha, lakini wote wanavuta pahala pamoja: baada ya "ukuti" wa pili, baada ya "mnazi" wa pili, baada ya "upepo". Hapana mtu anayekatisha neno "mnazi" katikati apumue kisha amalizie.

Hapo ndipo nilipokuwa nikielekea. Ziko kodiani za vitufe ambazo kitufe kimoja kinatoa sauti moja ukivuta na nyengine ukisukuma, na mpigaji wake halazimiki kuamua, wimbo wenyewe unamwamulia. Hizi zetu za vibao hazina sharti hilo. Do ni Do ukivuta, na ni Do ukisukuma. Uhuru huo ndio unaowaharibu wanaoanza, kwa sababu wanavuta mpaka mivukuto ifike mwisho, wanageuza pale hewa inapokwisha, popote pale, na mara nyingi ni katikati ya neno. Msikilizaji hajui nini kimetokea. Anachojua ni kwamba hana hamu ya kuimba.

Kwa hivyo sharti tunajiwekea sisi. Ukuti umegawika wenyewe sehemu nne, anayeimbisha na wanaoitikia, kwa zamu. Anayeimbisha, vuta. Wanaoitikia, sukuma. "Ukuti, ukuti" mivukuto inafunguka, "wa mnazi, wa mnazi" inajifunga. "Ukipata upepo" inafunguka tena, na mtetemeko wa mwisho unairudisha nyumbani. Geuza pale pumzi inapogeuka, wala si mapema wala si baada ya hapo, na kidole kiinuke kidogo kabla ya kugeuza ili pasitoke mkwaruzo. Ukifanya hivyo hewa haikuishii kamwe, maana unachokitoa unakirudisha, na utamaliza wimbo mivukuto ikiwa imefungwa. Ikibaki wazi kidogo, kile kitufe cha hewa kipo.

Kuzipata sauti zenyewe ni kazi ndogo kuliko mnavyofikiri. Imba sauti ya kwanza uishikilie, "uuu," kisha tafuta kibao kimoja kinacholingana nayo. Ukikipata, imba ya pili. Imepanda au imeshuka? Imepanda hatua moja au imeruka? Sogeza kidole, jaribu. Msije kwangu kuniuliza ni kibao gani. Mkiniuliza nitawaambieni muimbe. Si ukali, ni kwamba sauti uliyoitafuta kwa koo lako haikutoki tena, na siku utakapotaka kuuanzia wimbo huo huo kwenye So kwa sababu mwimbaji ana koo nyembamba, utauhamisha bila ya kutafuta karatasi. Wapigaji wa taarab wanahamisha namna hiyo kila siku, kwa ajili ya waimbaji.

Nenda polepole. Wimbo wa kuchezea uwanjani una mwendo, na ukiupiga taratibu mno unapoteza uchangamfu, najua. Lakini mara za mwanzo upige kwa mwendo wa mtu anayetembea na kikongwe. Vidole vikishajua njia, harakisha mpaka uweze kuuchezea. Kama huwezi kuucheza kwa mwendo wako, basi bado.

Na ule mtetemeko wa mwisho una raha yake. Silabi zinarudiwa zikiwa zimekatwakatwa kabla neno halijakamilika. Mwanzo upige kwa kidole: gusa na uachie, gusa na uachie, mivukuto ikiwa inasukumwa kwa nguvu ile ile. Ukishazoea, jaribu njia ya pili, kidole kibaki kimeshika na mkono wa kushoto utikise, vuta sukuma vuta sukuma kwa haraka na kwa umbali mdogo sana. Watoto wa uwanjani wakisikia hivyo wanaanza kutikisa mabega wenyewe. Wapigaji wakubwa duniani wanaitumia mbinu hiyo kwenye vipande vigumu, nyie mtaipata ndani ya wimbo wa chekechea, na mtaipata kwa sababu maneno yanaidai.

Sasa besi, maana najua kuna waliokuja kwa ajili ya vile vitufe vingi vya kushoto. Vinatia woga kuviona, lakini vimepangwa kwa akili. Papasa safu ya pili kutoka kwenye mivukuto, utakuta kitufe kimoja chenye kishimo. Hicho ni Do. Cha juu yake, kuelekea kidevuni, ni So. Cha chini yake ni Fa. Na pembeni ya kila kimoja, kwa mshazari, kuna kitufe kinachotoa kodi yake nzima, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, kwa kubonyeza mara moja. Kwa nyimbo nyingi za namna ya Ukuti, hivyo vitatu na kodi zake vinakutosha: besi, kodi, besi, kodi, na mguu ukigonga chini.

Lakini mimi huchelewesha mkono huo, na baadhi ya wenzangu hapa hawakubaliani na mimi. Wanasema mtoto anachoka akipiga upande mmoja tu. Hoja yao naiheshimu. Yangu ni hii: ukikaa ndani ya taarab utakuta mpigaji wa kodiani mara nyingi hagusi besi kabisa. Dabo besi ipo, dumbaki lipo. Yeye anakwenda na mahadhi pamoja na fidla na nai na ganuni, wote njia moja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, na mkono wake wa kushoto kazi yake ni kuvuta na kusukuma tu. Mwanafunzi aliyekimbilia besi mapema anaufanya mkono huo ufikirie vitufe badala ya pumzi, na ukishazoea hivyo kuurudisha ni shughuli. Uwanjani na watoto, ambapo hapana ala nyengine, besi inapendeza. Basi isubiri mpaka wimbo uimbike.

Maneno machache kwa wazazi, maana chombo kitakuja majumbani kwenu kwa zamu. Ndimi za ndani zimekamatwa kwa nta. Kodiani ikiachwa juani, au ndani ya gari iliyofungwa mchana, nta inalainika, ndimi zinahama, na fundi wa kuzirudisha hapatikani kila mtaa. Upepo wetu wa bahari una chumvi na unyevu, na chuma hakipendi vyote viwili. Chombo kirudi ndani ya sanduku lake kila baada ya mazoezi, na kisiwekwe karibu na dirisha la baharini hata kama hapo ndipo kinapopendeza. Kisilazwe ovyo, kisimame kwa miguu yake. Na mkisikia kibao kimoja kinalia hata hakijaguswa, msikifungue kwa bisibisi. Kileteni.

Jengine ni kelele. Mtoto anayejifunza atapiga kipande kile kile mpaka mtamani kuhama nyumba. Msimwambie anyamaze, mwambieni aimbe pamoja na anavyopiga. Akiimba atageuza mivukuto pahala pake, na masikio yenu yatapona mapema.

Na wale mabinti wawili niliowasikia mlangoni wakiulizana kama kodiani ni ya wanaume: kwa muda mrefu waliokaa nyuma ya ala za taarab walikuwa wanaume, na wanawake wakasimama mbele kuimba. Ilikuwa desturi, haikuwa kanuni ya chombo. Leo hapa Zanzibar kipo kikundi cha Tausi, wanawake watupu, wanaimba na ala wanapiga wenyewe. Kaeni kwenye viti vya mbele.

Vyombo havitoshi, hilo mnaliona. Tutagawana wawili wawili. Asiyeshika kodiani ana kazi: yeye ndiye mwitikiaji, na ndiye atakayemwambia mwenzake kama amegeuza vibaya. Kwa kweli mara nyingi anayesikiliza ndiye anayejifunza haraka zaidi, mikono yake ikiwa haina cha kuhangaikia.

Tutaanza na wale wadogo wa mstari wa kwanza. Mwalimu, wafungulie masanduku, na mikanda ikazwe vizuri kabla hawajasimama. Wazazi, nyie mtaitikia, na mtoto akikosea kibao msimsubiri wala msimcheke, endeleeni na wimbo atawakuta mbele. Haya, nani atatupa sauti ya kuanzia?